Mpiga Mbizi Aliyeachwa na Mkondo: Maelezo ya Bikoni ya Dharura na Uokozi Baharini

Wahenga wa pwani walisema kwamba bahari haishi zinge. Kauli hiyo inawahusu wavuvi na wasafiri wote, lakini khasa inawahusu watu wa kazi moja iliyoenea kwa haraka Unguja na Pemba tangu utalii ulipokua, nayo ni kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Siku za bahari njema vyombo hutoka Nungwi, Matemwe, Kizimkazi na Mkoani vikiwa na wageni na waongozaji wao, vikaelekea Mnemba, Misali na miamba iliyo kando ya Mkondo wa Pemba. Wapo pia wenyeji wanaozamia kwa mtungi kutafuta majongoo. Takriban wote hurudi salama. Maelezo yanayofuata yanamhusu yule mmoja ambaye ameibuka juu ya maji, akageuka huku na huku, na chombo alichokuja nacho hakioni.

Siku hizi ipo mashine ndogo, inayoenea katika kiganja, ambayo mtu huyo akiiwasha taarifa zake huweza kufika kwa waokozi ndani ya dakika chache. Watu wa mahoteli huiita bikoni. Baadhi ya wageni huja nayo katika mabegi yao, na ni kifaa chema. Hata hivyo imeenea dhana kwamba aliyenayo ni sawa na aliyekwishaokolewa. Dhana hiyo ni ya khatari, kwa sababu bikoni haimtoi mtu majini. Kazi yake ni kupeleka taarifa nchi kavu kwamba kuna mtu mwenye dhiki mahali fulani, na kuacha waliopo nchi kavu waulizane huyo ni nani, ametoka na chombo gani, na nani aliye karibu naye. Pakikosekana mwenye majibu, saa hupotea, na mkondo hausubiri.

Kwa nini mpiga mbizi haonekani

Mvuvi ambaye mashine yake imezimika bado ana ngalawa yake chini ya miguu, ana tanga au shati la kupunga, na mwili wa chombo huonekana kwa mbali. Mpiga mbizi ana kichwa tu juu ya maji, na kichwa cha mtu katikati ya mawimbi hakizidi dafu linaloelea. Nahodha aliyesimama chomboni huweza kukikosa kwa umbali wa mita mia chache, khasa jua likiwa usoni mwake na upepo ukiwa umeanza kuvunja mawimbi. Yule aliyemo majini, kwa upande wake, huweza kukiona chombo vizuri sana, akakitazama kikizunguka kumtafuta na kisha kikienda upande usiokuwa wake.

Tatizo la pili ni mkondo. Maji ya pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi huenda kwa nguvu zaidi, na wakati wa kaskazi hupungua kasi. Katika milango iliyo baina ya visiwa, maji bamvua huongeza nguvu yake juu ya hayo. Aliyekaa chini kwa dakika 45 huwa amekwishachukuliwa kabla hata hajaibuka, na mahali anapoibukia si pale alipozamia.

Hesabu yake si ngumu na inafaa kila nahodha aijue. Tuseme maji yanakwenda maili 2 za baharini kwa saa, nayo si kasi ya ajabu kwa upande wa Pemba. Ikiwa haijulikani yameelekea wapi, baada ya saa 1 mtu huyo anaweza kuwa mahali popote ndani ya duara lenye eneo la maili za mraba zipatazo 13. Baada ya saa 3 duara hilo ni maili za mraba 113. Baada ya saa 6 ni maili za mraba 452, sawa na kilomita za mraba 1,550 hivi, na hiyo ni karibu na ukubwa wa kisiwa kizima cha Unguja. Mtu anayejua mkondo wa siku hiyo ataweza kulipunguza eneo hilo likawa kipande tu cha duara, na ndiyo maana rai ya mvuvi mzee wa mahali hapo huwa na thamani kubwa mbele ya waokozi. Lakini hata kipande hicho hukua kila saa inayopita.

Jambo la faraja ni kwamba maji ya huku ni ya uvuguvugu. Mtu aliyevaa nguo ya mbizi na koti lake likiwa limejaa hewa huweza kuelea siku nzima na zaidi. Kinachomdhuru ni kiu, jua, uchovu na kukata tamaa. Muda wa kumwokoa upo, ila hautakiwi kuchezewa.

Yaliyotokea kwengine

Tarehe 25 Januari 1998, mume na mke, raia wa Marekani, walipiga mbizi katika Mwamba Mkuu wa Matumbawe nje ya Port Douglas, jimbo la Queensland, Australia. Alasiri chombo kiliondoka bila ya wao. Hesabu ya watu iliyofanywa chomboni ilikosea, na haikujulikana kwamba wamekosekana mpaka siku mbili baadaye, baada ya mali zao kukutwa chomboni hazina mwenyewe. Ndege na vyombo vilitafuta kwa siku kadhaa bila ya mafanikio. Baadhi ya zana zao zilikuja kuokotwa pwani, na baadaye kilipatikana kibao cha kuandikia chini ya maji chenye ombi la msaada lililoandikwa asubuhi ya tarehe 26. Maana yake ni kwamba siku ya pili walikuwa bado hai, na kwa saa zote hizo hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyekuwa akiwatafuta. Miili yao haikupatikana.

Miaka kumi baadaye, Mei 2008, katika mwamba huo huo mrefu, mwanamme na mwanamke wengine waliibuka mbali na chombo chao wakachukuliwa na maji. Safari hii waliosalia chomboni waligundua upungufu mapema, wakatoa taarifa, na utafutaji ukaanza alasiri ile ile. Usiku uliingia kabla hawajaonekana. Asubuhi helikopta iliwakuta wakielea, baada ya saa 19 hivi majini, wakiwa wazima. Hawakuwa na bikoni. Kilichowaokoa ni kwamba alikuwepo mtu aliyehesabu na akahesabu vyema, na yeyote anayeyalinganisha matukio hayo mawili ataona kwamba tofauti kubwa baina yao ilianzia chomboni, kabla ya helikopta kuruka.

La tatu ni la Aprili 2022, nje ya Mersing, Malaysia. Watu wanne waliibuka kutoka mbizini na chombo hawakukiona. Mwalimu wao aliokotwa siku iliyofuata. Wawili wengine waliokotwa na wavuvi baada ya siku mbili na nusu hivi, na kijana wa miaka 14 aliyekuwa pamoja nao alifariki baharini. Katika tukio hilo watafutaji walikuwa wengi na utafutaji ulianza mapema, lakini hapakuwa na kitu cha kuwaonyesha ni wapi hasa wa kutazama. Bikoni imeundwa kwa ajili ya pengo hilo.

Bikoni inavyofanya kazi

Mpango wa kimataifa wa kusikiliza ishara za dhiki kwa setilaiti, unaojulikana kwa jina la Cospas-Sarsat, ulianzishwa na nchi nne, nazo ni Kanada, Marekani, Ufaransa na iliyokuwa Muungano wa Kisovieti. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1982, na Septemba ya mwaka huo huo watu watatu walioanguka na ndege ndogo huko Kanada waliokolewa kwa msaada wake. Inafaa kukumbukwa kwamba huo ulikuwa wakati wa uhasama baina ya mataifa makubwa, na hata hivyo waliafikiana juu ya mtu aliyepotea. Hivi leo zaidi ya nchi 40 zinashiriki, na watu zaidi ya 50,000 wameokolewa tangu mpango huo uanze.

Bikoni zake ni za namna tatu: ya meli, ya ndege, na ile ndogo ya mtu binafsi ambayo ndiyo inayozungumzwa hapa. Ikiwashwa, hutuma mlio mfupi wa redio katika masafa ya megahezi 406, takriban kila sekunde 50. Ndani ya mlio huo mna namba ya pekee ya bikoni hiyo, ambayo hutaja pia nchi, na bikoni nyingi za sasa hutaja na mahali zilipo. Setilaiti huupokea na kuurejesha katika kituo cha ardhini, ambacho si lazima kiwe katika nchi ya tukio. Kutoka hapo taarifa hupelekwa kwa kituo cha uokozi chenye dhamana ya eneo hilo la bahari. Kwa upande wa Tanzania ni kituo cha kuratibu utafutaji na uokozi cha Dar es Salaam, kilicho chini ya Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC. Kwa bahari ya Zanzibar, wanaotoka na boti mara nyingi ni KMKM, pamoja na wavuvi na vyombo vya jirani. Waokozi wakikaribia, bikoni huwaongoza kwa ishara ya pili ya masafa ya megahezi 121.5.

Masafa hayo ya pili yanahitaji onyo. Zamani setilaiti zilikuwa zikiyasikiliza hayo pia, na zilitengenezwa bikoni nyingi zisizotumia mengine. Tangu 1 Februari 2009 setilaiti haziyasikilizi tena. Anayeuziwa bikoni ya mtumba kwa bei nafuu hana budi kwanza kuangalia kama imeandikwa 406. Ikiwa imeandikwa 121.5 peke yake, atakuwa amenunua taa isiyo na mtu wa kuiona. Aidha atazame tarehe ya betri iliyoandikwa ubavuni. Betri nzima huiwezesha bikoni ya mtu binafsi kutuma ishara kwa saa zisizopungua 24, lakini iliyopitwa na tarehe haina dhamana.

Yanayomhusu mpiga mbizi khasa

Bikoni nyingi za mtu binafsi hazikutengenezwa kwa ajili ya mbizi. Haziingii maji zikianguka baharini, lakini uwezo wao huishia mita chache, na zilizo imara zaidi hufika mita 15 hivi. Mpiga mbizi wa Pemba huenda mita 20 au 30. Kwa hiyo hulazimika kuitia katika mkebe maalumu unaostahimili kina, wenye mpira wa kuziba mdomoni, na mpira huo usafishwe mchanga na chumvi kila siku. Punje moja ya mchanga yatosha kuijaza maji mashine ya mamia ya dola.

Hali kadhalika, bikoni haisikiki ikiwa ndani ya maji. Waya wake wa kurushia ishara hauna budi kusimama juu ya maji na kuelekea mbinguni bila ya kuzibwa. Kuishika hivyo kwa mkono mmoja kwa saa nyingi ni kazi nzito, na aliyechoka ataiachia. Hivyo ifungwe kwa kamba katika bega la koti kabla ya kutolewa mkebeni, na ikishawashwa isizimwe mpaka waokozi wawe wamefika. Wapo wanaoizima ili kuiwekea betri akiba. Hilo ni kosa, kwani waokozi huiongozea safari ishara hiyo hiyo.

Ipo pia aina nyengine ya kifaa isiyozungumza na setilaiti, bali na vyombo vilivyo karibu. Hutuma alama katika mtambo wa kutambulishana meli, na mahali pa mtu huyo hujitokeza katika kioo cha mtambo huo kwa umbali wa maili chache. Baadhi ya vifaa hivyo vimetengenezwa kustahimili kina cha mbizi. Kwa mpiga mbizi hii ni faida kubwa, kwa sababu mtu wa kwanza anayetakiwa kujua ni nahodha wake mwenyewe, ambaye pengine yuko umbali wa maili moja. Lakini kifaa hicho kina maana pale tu ambapo chomboni mna mashine ya kupokelea, na wenye vyombo wanapaswa kujiuliza hilo kabla ya kukinunua.

Vitu vya bei ndogo visidharauliwe kwa sababu ya hivi vikubwa. Boya refu la rangi ya machungwa linalojazwa hewa na kusimama juu ya maji humfanya mtu aonekane mara nyingi zaidi kuliko kichwa chake. Firimbi hufika mbali zaidi ya sauti ya kupiga kelele, na haimalizi pumzi. Kioo kidogo siku ya jua humulika mpaka kwa rubani wa ndege. Kurunzi ni ya lazima kwa anayezama alasiri, kwani katika visiwa hivi jua huzama baina ya saa 12 na saa 1 magharibi na giza huingia upesi. Aliyezama saa 10 ana muda mdogo sana wa kutafutwa kwa macho.

Orodha na daftari

Katika msiba wa M.V. Spice Islander I wa tarehe 10 Septemba 2011, moja ya mambo yaliyowatesa jamaa na waokozi ni kwamba idadi ya waliokuwemo haikujulikana. Chombo cha mbizi ni kidogo na watu wake hawafiki hata ishirini, na ni rahisi kudhani kwamba macho yanatosha. Queensland nako walidhani hivyo. Baada ya msiba wa 1998, kanuni za huko zilikuja kutaka watu wahesabiwe kabla ya chombo kuondoka, na iwepo daftari ya kila mbizi inayothibitishwa na mpiga mbizi mwenyewe.

Mwalimu yeyote wa skuli anajua kwamba kuhesabu vichwa si sawa na kuita majina. Kichwa kimoja huhesabiwa mara mbili kikihama benchi, lakini aliyeitwa jina hujibu mwenyewe au kimya chake humtaja. Kwa hiyo manahodha wanashauriwa wawe na karatasi yenye majina ya wote waliozama, saa ya kuzama na saa ya kurejea, na kila mmoja atie sahihi baada ya kupanda. Nakala ya majina iachwe nchi kavu kwa mtu anayejua chombo kimekwenda mwamba gani na kinatarajiwa saa ngapi. Asiporejea kwa saa hiyo, mtu huyo asingoje magharibi. Atoe taarifa Polisi kwa namba 112, au kwa KMKM walio karibu, na nahodha aliye baharini aite kwa redio chaneli ya 16.

Kwa upande wa bikoni, daftari lake ni usajili. Namba inayotumwa na bikoni haina faida kamili mpaka iwe imeandikishwa pamoja na jina la mwenyewe na simu za watu wa kuulizwa. Usajili hufanywa katika nchi ambayo namba hiyo inaitaja, na lipo daftari la kimataifa lisilotoza ada kwa ajili ya bikoni za nchi zisizo na daftari zao. Ishara ikipokewa, kituo cha uokozi hutazama usajili na kupiga simu. Hapa ndipo penye tatizo ambalo watu wa mahoteli wanaweza kulitatua bila ya gharama yoyote. Mgeni kutoka Ujerumani ameisajili bikoni yake kwao, na simu aliyoiandika ni ya dada yake. Saa 8 mchana dada huyo anaulizwa kama kaka yake yuko baharini. Anachokijua ni kwamba amekwenda Zanzibar. Hajui Nungwi wala Pemba, hajui jina la chombo wala la mwenye chombo, na muda unakwenda. Lau asubuhi ile mgeni angeambiwa amwandikie dada yake jina la hoteli, jina la chombo na simu ya ofisi ya mbizi, simu moja tu ingetosha.

Mwisho ni ishara za bahati mbaya, ambazo duniani kote ni nyingi kuliko za kweli. Bikoni ina kitufe cha kujijaribu, na hicho ndicho cha kutumiwa, kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji. Isijaribiwe kwa kuwashwa. Aliyeiwasha bila ya kukusudia asiizime akanyamaza kwa khofu ya kulaumiwa. Aizime, kisha atoe taarifa papo hapo kwa njia zile zile zilizotajwa. Kituo kikiambiwa kwamba ishara ya saa 4 asubuhi ilitokana na mtoto aliyechezea begi la mgeni hotelini, huzirejesha boti. Kisipoambiwa, huendelea kuzitafutisha, na siku hiyo hiyo boti hizo zaweza kuwa zinahitajiwa Misali.